Wajukuu Wanakuja: Ni Chanjo Zipi Wachanjwe?



Mwezi wa tisa, jioni moja nikiwa nachambua mchele, simu ililia. Alikuwa binti yangu anayeishi Leicester, Uingereza, pamoja na mume wake na watoto wao watatu. "Shikamoo Mama. Tumepata likizo, tunakuja Krismasi, wote watano." Nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani. Tulipokwisha kufurahi, binti akaniuliza swali ambalo limenipa kazi kwa majuma mawili: "Mama, hawa watoto tuwachanje nini kabla ya kuja?"

Wengi wenu mnanifahamu kwamba nimefanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya mama na mtoto kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Mngetegemea nijibu papo hapo. Sikujibu. Nilimwambia, "Mwanangu, nipe muda," na sababu ya kuomba muda huo lazima niwaeleze, ingawa inaniaibisha.

Mwaka 2019 walikuja na mtoto wao wa kwanza, mvulana, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 3. Walikaa kwangu Moshi, kisha wakaenda Muheza kumsalimia mdogo wangu, wakarudi kwangu kwa siku tatu za mwisho kabla ya kupanda ndege. Mtoto alikuwa anapewa vidonge vya kuzuia malaria kila siku, na vilikuwa vinamtia kichefuchefu. Siku waliyorudi kutoka Muheza nilimwambia mama yake, "Mwachie mtoto apumzike. Huku mlimani hakuna malaria, na huyu ni mtoto wetu, damu yake ni ya hapa." Binti akanisikiliza, kwa kuwa mimi ni mama yake na tena ni muuguzi. Vidonge vya aina ile vinatakiwa kuendelea kwa siku 7 baada ya kutoka mahali penye malaria. Nilikuwa nalijua jambo hilo. Nililisahau kwa huruma ya bibi.

Wiki mbili baadaye, kule Uingereza, mtoto akaanza homa. Daktari wa kwanza alisema ni mafua. Siku ya tatu mtoto alikuwa hawezi kusimama, ndipo mama yake aliposema kwa sauti kwamba walikuwa Afrika, na damu ikapimwa. Alilazwa siku sita. Alipona, namshukuru Mungu, lakini zile siku sita mimi sikulala.

Basi safari hii nilikaa na daftari, nikauliza kwa waliobobea kuliko mimi, na binti naye akaenda kwa muuguzi wa wasafiri huko kwao. Ninayowaandikia ni yale tuliyoyapata tukiwa pande zote mbili za bahari. Najua wengi wenu mna watoto na ndugu walioko Uingereza, Ujerumani au Marekani, na Desemba ikifika mnawatazamia.

Jambo la kwanza ni kwamba mtu anayerudi nyumbani kuona jamaa hujiona kuwa si msafiri. Mtalii wa Kizungu akija kupanda Kilimanjaro huenda kwa daktari wake miezi miwili kabla, akachanjwa, akameza vidonge vyake kwa saa. Mtoto wetu anasema, "Mimi nakwenda kwetu." Lakini kinga dhidi ya malaria ambayo mtu huipata kwa kuumwa mara kwa mara tangu utotoni hupungua akikaa mbali kwa miaka. Na mtoto aliyezaliwa Leicester hakuwahi kuwa nayo. Huko Uingereza wagonjwa wengi wa malaria ni watu wa asili ya Kiafrika waliokwenda kuwaona jamaa zao. Ile habari ya "damu yake ni ya hapa" haina maana yoyote kwa mbu.

Jambo la pili lilitusumbua zaidi, kwa sababu linachanganya watu wengi. Nalo ni homa ya manjano.

Mipango ya kwanza ya binti na mume wake ilikuwa hivi. Mkwe wangu ni mtu wa Kisumu. Baba yake alifariki mwaka 2023, naye alikwenda kuzika peke yake. Watoto hawajapata kuiona boma ya baba yao wala kaburi la babu, na Nyanya yao wa Kisumu, mkwe mwenzangu, amewaona kwenye simu tu. (Watoto wale humwita yeye Nyanya na mimi Bibi, na mdogo hucheka sana kusikia kwamba huku kwetu nyanya huwekwa kwenye mchuzi.) Kwa hiyo walipanga washukie Nairobi, waende Kisumu wiki moja, kisha waje Moshi kwa basi kupitia Namanga.

Kenya iko katika orodha ya nchi ambazo homa ya manjano inaweza kumpata mtu. Mlipuko ulitokea Bonde la Kerio mwaka 1992, na mwingine ukatangazwa katika kaunti ya Isiolo mwezi Machi 2022. Tanzania Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa na hatari ndogo, kiasi kwamba kwa kawaida mgeni wa Tanzania hashauriwi kuchanjwa kwa ajili ya kukaa hapa tu. Lakini mbu anayeeneza ugonjwa huo, yule anayeuma mchana, tunaye tele. Kinachokosekana ni virusi vyenyewe. Mtu mmoja akivileta mwilini mwake na mbu wetu wakamwuma, moto umewashwa. Ndiyo maana Tanzania inadai cheti cha chanjo kwa kila mtu wa mwaka 1 au zaidi anayeingia kutoka nchi yenye hatari hiyo, pamoja na aliyesubiri ndege katika uwanja wa nchi kama hiyo kwa muda wa saa 12 au zaidi.

Hapo nikaona kwamba nilikuwa nachanganya maswali mawili. Liko swali la mpakani: afisa wa afya atataka kuona nini? Na liko swali la mwili: ni ugonjwa gani unaoweza kumpata mtu huyu huko anakokwenda? Mara nyingine majibu yanafanana, mara nyingine hayafanani kabisa. Mtu anayeruka moja kwa moja kutoka Ulaya hadi uwanja wa Kilimanjaro hadaiwi cheti chochote, lakini anahitaji kinga nyingi ambazo hakuna afisa atakayeziulizia. Hakuna anayesimama Namanga akidai cheti cha surua au cha homa ya matumbo. Wengi huishia kwenye swali la kwanza, wakishaipata kadi ya njano wanaona wamemaliza.

Kwetu sisi liliongezeka swali la tatu, nalo ni la mwili wa kila mmoja: je, anaweza kuipokea chanjo hiyo? Mjukuu wangu wa mwisho atakuwa na miezi 7 Desemba. Chanjo ya homa ya manjano hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, naye mtoto wa chini ya miezi 9 kwa kawaida hachanjwi, na chini ya miezi 6 ni marufuku. Cheti kwa umri wake hadaiwi, hiyo ni kweli. Lakini angekwenda Kisumu bila kinga yoyote, na Kisumu iko katika sehemu ya Kenya ambayo wasafiri wanashauriwa kuchanjwa, tofauti na jiji la Nairobi au Mombasa. Na mama yake ananyonyesha. Imewahi kutokea, ingawa ni mara chache sana, virusi vya chanjo kupita katika maziwa ya mama na kumpata mtoto mchanga ubongoni. Kwa hiyo mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 9 hushauriwa asichanjwe isipokuwa kama hawezi kuepuka safari ya mahali penye hatari.

Binti aliponiambia haya kwa simu alikuwa analia. "Mama, kwa hiyo nimwambie mama mkwe wangu kwamba simleti mtoto wake wa pekee wa kiume na wajukuu wake?"

Kuna aliyetushauri kwamba daktari anaweza kuandika cheti cha kueleza kuwa mtu hawezi kuchanjwa kwa sababu za afya. Ni kweli, cheti hicho kipo na hutambuliwa kimataifa. Lakini ona jinsi kinavyojibu swali la mpakani tu. Mbu wa Kisumu hasomi barua ya daktari. Kuna na rafiki mmoja, mcha Mungu kabisa, aliyeninong'oneza kwamba kadi za njano hupatikana kwa kununua, bila sindano. Nilimtazama mpaka akanyamaza. Katika wale ambao homa ya manjano huwafikisha hatua ya ukali, ya macho kuwa manjano na kutoka damu, karibu nusu yao hufa, na dawa ya kuua virusi hivyo hakuna. Anayenunua kadi amelipa fedha ili asiwe na kinga.

Wazo la kuahirisha safari hadi Pasaka lilikuja, mtoto angekuwa amefikisha miezi 10 au 11. Lakini likizo za kazi za watu wawili hazipatikani kwa kutaka. Mwishowe mkwe wangu ndiye aliyepata njia. Wote wataruka mpaka Kilimanjaro. Baada ya siku nne yeye na mvulana wake mkubwa, ambaye sasa ana miaka 10, watapanda basi kwenda Kisumu, wakakae wiki moja, mtoto aione boma na kaburi la babu yake. Hao wawili watachanjwa homa ya manjano na kuwa na vyeti vya kurudia. Binti yangu na watoto wadogo wawili watabaki Moshi. Naye Nyanya atarudi na mwanawe kwa basi lile lile, aje amshike mtoto mchanga hapa kwangu, tule Krismasi pamoja.

Hapo ndipo tulipogundua jambo la tiketi. Binti alikuwa amekwisha kupata tiketi za bei nafuu kupitia Addis Ababa, zenye kungoja usiku kucha, saa 14. Ethiopia nayo iko katika orodha ile. Kwa tiketi hizo yeye na msichana wa miaka 3 wangedaiwa vyeti kwa sababu ya kulala uwanjani tu! Wamelipa zaidi kidogo, wanapitia Amsterdam. Kwa hiyo, akina mama, kabla watoto wenu hawajalipia tiketi, waambieni watazame ndege inapotua na kwa muda gani. Bei ya sindano na bei ya tiketi ni hesabu moja.

Wale wawili wa Kisumu wamechanjwa katikati ya Novemba. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo mtu anayechanjwa juzi na kusafiri leo ana karatasi isiyofaa. Huko Uingereza chanjo hii hutolewa na vituo vilivyoruhusiwa tu, nayo ni ya kulipia. Chanjo yenyewe ni ya tangu miaka ya 1930. Aliyeifanyia kazi, Max Theiler, alizaliwa Pretoria mwaka 1899, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951, na mpaka leo dunia inatumia mbegu ile ile ya virusi alivyovidhoofisha. Nilimwambia mjukuu wangu habari hiyo kwenye simu, akaniuliza kama inauma. Nikamwambia inauma kama ya surua.

Nikitaja surua, hapa ndipo nawaomba mnisikilize vizuri zaidi kuliko kwenye manjano yote hayo, maana surua ndiyo niliyoiona ikiua watoto kwa macho yangu, wodini, katika miaka yangu ya kwanza ya kazi.

Watu hudhani chanjo za safari ni zile za majina mageni. Muuguzi yule wa Leicester, dada mwenye busara, kitu cha kwanza alichodai ni kile kitabu chekundu cha watoto, ambacho huko ni kama kadi yetu ya kliniki. Akataka kuona kama chanjo za kawaida zimekamilika: pepopunda, dondakoo, kifaduro, polio, surua. Mvulana alikuwa amekamilisha. Msichana wa miaka 3 dozi yake ya pili ya surua, matumbwitumbwi na rubela ilikuwa imefika wakati, mama yake akiisogeza mbele kila mara kwa shughuli za kazi. Alichomwa siku ile ile. Kama naye angehitaji chanjo ya manjano, ingebidi zipitane kwa wiki 4, maana huko hawazitoi pamoja. Unaona jinsi mtu anayekwenda kliniki wiki mbili kabla ya safari anavyoweza kukuta milango imefungwa.

Na yule mdogo wa miezi 7? Huku kwetu mtoto huchanjwa surua akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Uingereza huanza akifikisha mwaka. Kwa kawaida basi angekuja huku bila kinga yoyote, katika nyumba yenye wageni wa Krismasi kutoka kila upande, kila mmoja akitaka kumbeba na kumbusu. Lakini mtoto anayekwenda mahali penye surua anaweza kupewa sindano hiyo mapema, kuanzia miezi 6. Dozi hiyo haihesabiwi, kwa kuwa kinga aliyoachiwa na mama yake inaweza kuzuia chanjo isishike vizuri, kwa hiyo atarudia zile mbili za kawaida baadaye. Binti alisita: "Mama, sindano ya bure ya kuja kurudiwa?" Nikamwambia achomwe. Wapo wanangu wawili wa jirani ambao walipaswa kuwa watu wazima sasa.

Kifua kikuu nacho. Sisi wote tuna kovu la BCG begani, na mtoto wa hapa huipata anapozaliwa. Uingereza waliacha kuwachanja wanafunzi wote mwaka 2005. Siku hizi huwapa watoto wachanga walio katika hatari, na mmojawapo ni mtoto ambaye mzazi au hata babu au bibi yake alizaliwa katika nchi yenye kifua kikuu kingi. Wajukuu wetu wamo humo, bila malipo. Wale wakubwa wawili walipata. Huyu mdogo walihama nyumba, barua ya kumwita ikapotea, na hakuna aliyekumbuka mpaka nilipouliza, "Kovu lake liko bega gani?" Amechanjwa Oktoba. Muuguzi alimkumbusha binti kwamba mkono ule usichomwe chanjo nyingine kwa miezi 3, ili mitoki ya kwapani isivimbe, kwa hiyo surua ilichomwa pajani.

Mengine nitayapitia haraka. Homa ya ini ya aina ya A, inayopatikana kwa maji na chakula kichafu, watoto wakubwa wawili wamechanjwa, maana hutolewa kuanzia mwaka 1. Binti na mume wake, waliokulia Moshi na Kisumu wakinywa maji ya kila bomba, huenda waliipata utotoni bila kujua. Wamepima damu, na ndivyo ilivyokuwa. Homa ya matumbo, ambayo huku tunaiita taifodi kwa kila homa isiyojulikana, chanjo yake waliyopewa huanzia miaka 2 na hudumu miaka 3, lakini haikingi kikamilifu. Kwa hiyo mimi nimekwisha kununua sufuria ya maji ya kunywa peke yake. Chanjo hizi mbili huko hupatikana bila malipo katika huduma ya serikali. Homa ya ini ya aina ya B ilikuwa na kisa kidogo: Uingereza waliiingiza katika chanjo za kawaida za watoto waliozaliwa kuanzia Agosti 2017, na mvulana alizaliwa mwaka 2016. Ameanza dozi zake. Kipindupindu na uti wa mgongo muuguzi aliona si lazima kwa likizo ya namna hii, nami nilikubali.

Kichaa cha mbwa ndicho kilichotugawanya. Mkwe wangu alitaka watoto wote wachanjwe, maana alipokuwa mdogo aliona mwenzake wa darasani akifa kwa ugonjwa huo. Ni chanjo ya kulipia, dozi tatu kwa kila mtu, na kwa familia nzima gharama yake ingekuwa nauli ya mtu mmoja. Binti aliona ni nyingi mno. Niliulizwa mimi.

Nilijibu hivi. Kama wangekuja kwa miezi mitatu, au kukaa kijiji cha mbali na hospitali, ningesema wauze hata televisheni wachanje. Kwa majuma matatu, karibu na mji wenye hospitali ya rufaa, fedha hizo ziende kwenye mambo mengine, lakini kwa masharti. Sharti la kwanza lilikuwa langu. Mbwa wetu wawili hawakuwa wamechanjwa mwaka huu. Nilimwita bwana mifugo, akawachanja, na nikawashawishi majirani wanne watoe mbwa wao pia. Sharti la pili: nilikwenda mwenyewe hospitalini kuuliza kama wanayo chanjo ya aliyeumwa na pia ile dawa ya kinga iliyo tayari, inayochomwa kwenye jeraha kwa mtu ambaye hakuwahi kuchanjwa. Ya pili hiyo mara nyingi haipatikani, na watu hujua wakati mtoto amekwisha kuumwa. Walikuwa nayo siku ile, na wamenipa namba ya kupiga. Sharti la tatu ni la watoto: akiumwa, akikwaruzwa, au hata akilambwa penye kidonda, aseme, bila kuogopa kugombezwa. Jeraha lioshwe hapo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, lisipakwe ugoro wala majivu, na safari ya hospitali isingoje asubuhi. Mvulana anayekwenda Kisumu hata hivyo amechanjwa, baba yake hakutaka kusikia neno, nami sikumpinga. Mtoto wa miaka 10 ndiye anayezurura na mbwa.

Sasa malaria. Wengine wameniuliza, "Si siku hizi kuna chanjo?" Ipo. Ya kwanza ilianza kujaribiwa katika kliniki za Ghana, Malawi na Kenya mwaka 2019, upande huo huo wa Ziwa, na Shirika la Afya Duniani likaipitisha mwaka 2021, na ya pili mwaka 2023. Lakini imekusudiwa watoto wadogo wanaoishi penye malaria, hutolewa kwa dozi nne kwa muda mrefu, nayo hupunguza ugonjwa bila kuufuta. Mgeni wa majuma matatu haimfai. Kwake ni vidonge na chandarua.

Wote watano watameza, hata mtoto mchanga, ambaye dozi yake hupimwa kwa uzito wake. Msidhani vidonge vya mama hupita kwenye maziwa vikamkinga mtoto. Haviwezi kumtosha. Vidonge vyao ni vile vya kuanza siku moja au mbili kabla, kila siku wakiwa hapa, na siku 7 baada ya kuondoka. Nimeziandika hizo siku 7 kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni, na binti ameziandika kwenye mlango wa jokofu lake. Nimemwambia pia kwamba homa yoyote baada ya safari, hata ikiwa ni miezi kadhaa, neno la kwanza kwa daktari liwe "tulikuwa Tanzania", kabla hajasema mafua.

Limebaki jambo la mkwe mwenzangu. Ana miaka 68. Kurudi na mwanawe kupitia Namanga, naye angedaiwa cheti cha manjano, na kwa mtu aliyepita miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa, madhara makubwa ya chanjo hii, ingawa ni nadra, huzidi ya vijana. Daktari hutakiwa kupima faida na hatari kabla ya kumchoma. Nilimpigia simu kumweleza, huku nikijiandaa kwa kilio. Alininyamazia kidogo, halafu akasema, "Ngoja."

Alirudi kwenye simu baada ya robo saa. Mwaka 1998 alikuja Arusha kwenye mkutano wa akina mama, wakachanjwa wote kabla ya safari. Kadi ilikuwa ndani ya bahasha ya vyeti vya shule vya watoto, imekunjwa mara mbili. Akanisomea: jina, tarehe, muhuri, sahihi, na kwamba mwisho wake ni mwaka 2008. "Imekwisha zamani, dada yangu," alisema.

Haikwisha. Tangu tarehe 11 Julai 2016, cheti cha homa ya manjano hudumu maisha yote ya mwenye nacho, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Nilimwomba anitumie picha ya kadi na ya pasipoti nilinganishe majina, kwa kuwa jina likipishana herufi mtu anaweza kurudishwa. Yamelingana. Nimemchapishia na ukurasa wa maelezo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu tarehe hiyo, mwanawe atambebea, iwapo watamkuta afisa kijana asiyeijua habari hiyo.

Amenitumia ujumbe jana. Ameanza kusuka kofia ya mtoto, ya sufu, maana amesikia Moshi kuna baridi. Sikutaka kumwambia kwamba Desemba tunatoa jasho.